Ubovu Tunaowaachia Wenzetu

Kila Jumapili, kabla ya kuikaribia Meza ya Bwana, tunaungama. Tunasimama pamoja, tunainamisha vichwa, tunakiri mabaya tuliyoyatenda na mema tuliyoyaacha, kisha tunatangaziwa ondoleo la dhambi. Tumezoea kufikiri kwamba jambo hilo linaishia kati yetu na Mungu: tumekosa, ametusamehe, yamekwisha. Katika insha hii tunataka kuuliza swali ambalo mara nyingi tunalipita. Je, maungamo yetu yanamhusu pia mtu atakayekuja baada yetu? Tukijua ubovu fulani, tukausema nusu, tukaondoka salama, kisha mwenzetu akaumia, je, tumetenda dhambi hata kama kila neno tulilosema lilikuwa kweli?

Tutaanza na habari ya ndege moja, kwa sababu ndani yake swali hili linaonekana wazi kuliko katika mifano mingi ya mimbarani.

Mwezi Agosti 2018 kampuni ya Lion Air ya Indonesia ilipokea ndege mpya aina ya Boeing 737 MAX 8. Haijatimiza miezi mitatu kazini, ikaanza kuonyesha kasoro. Kuanzia tarehe 26 Oktoba zilitokea alama za kuonya kwamba taarifa za mwendo na kimo upande wa rubani mkuu haziaminiki. Mafundi waliishughulikia kasoro hiyo, ikaonekana imekwisha, kisha ikarudi. Kila aliyewahi kumiliki gari kuukuu anaijua hali hiyo: asubuhi linawaka vizuri, jioni ugonjwa ni ule ule.

Tarehe 28 Oktoba, huko Denpasar katika kisiwa cha Bali, fundi alibadilisha kifaa kilichokuwa upande wa kushoto wa pua ya ndege. Kazi ya kifaa hicho ni kupima pembe ambayo ndege inaukata upepo, ili ijulikane kama pua imeinuka kupita kiasi. Kifaa kilichofungwa hakikuwa kipya. Kilikuwa kimetengenezwa katika karakana moja nchini Marekani, na hakikupimwa sawasawa, kwa hiyo kilikosea kwa nyuzi 21. Wachunguzi hawakuweza kuthibitisha kwamba kilijaribiwa ipasavyo baada ya kufungwa. Ndege ikaruhusiwa kuruka.

Usiku ule ule iliondoka Denpasar kwenda Jakarta. Mara tu baada ya kupaa, usukani wa rubani mkuu ulianza kutetemeka. Mtetemo huo ni onyo kwamba ndege inakaribia kushindwa kujibeba hewani, na ulidumu karibu safari nzima. Kisha ndege ikaanza kuinamisha pua yake yenyewe. Katika chumba cha marubani alikuwapo pia rubani wa tatu aliyekuwa akisafiri nao. Walihangaika, wakafuata taratibu walizofundishwa, wakazima umeme unaoendesha bawa dogo la mkiani, wakaliendesha kwa mkono kwa gurudumu lililo kando ya viti vyao, na wakafika salama. Abiria walishuka, wakachukua mizigo yao, wakaenda zao.

Sasa tufike penye daftari. Kila ndege ya abiria ina daftari la kumbukumbu ambamo rubani huandika kasoro alizoziona, na fundi huandika alichokifanya. Rubani mkuu wa usiku ule aliandika kwamba taarifa za mwendo na kimo zilitofautiana, na kwamba taa fulani ya tahadhari iliwaka. Hayo yote yalikuwa kweli. Hakuandika kwamba usukani ulitetemeka safari nzima. Hakuandika kwamba ilibidi wazime umeme wa bawa la mkiani ili ndege itulie. Taarifa nyingine aliyoituma kwa kampuni yake kwa njia ya kompyuta ilieleza zaidi kidogo, lakini daftari ndilo linalosafiri na ndege. Fundi wa Jakarta alilisoma, akashughulikia kile kilichoandikwa: alisafisha mirija ya kupimia hewa na kiungio cha nyaya, akapima ndege ikiwa ardhini, vipimo vikatoka vizuri.

Asubuhi ya tarehe 29 Oktoba, saa 12:20, ndege hiyo iliondoka Jakarta kwenda Pangkal Pinang ikiwa na watu 189. Usukani ukatetemeka tena. Mfumo wa kompyuta uitwao MCAS, ukikiamini kile kifaa kilichokosea, uliinamisha pua zaidi ya mara 20, na kila mara marubani waliinua. Swichi za kuzima umeme wa bawa la mkiani, zile zilizowaokoa wenzao usiku, zilikuwa karibu na mikono yao. Hakuna aliyewaambia. Baada ya dakika kama 12 ndege ilianguka katika Bahari ya Java, na hakupona hata mmoja.

Ni rahisi kwetu tulioketi vitini kumnyoshea kidole rubani wa usiku. Tusifanye hivyo haraka. Katekisimo Ndogo ya Luther, katika maelezo ya Amri ya Nane, inatufundisha kumtetea jirani na kuyachukulia mambo yake kwa wema kadiri inavyowezekana. Mtu yule aliwafikisha abiria wake salama katika hali ambayo hakuwahi kufundishwa. Hakujua kwamba MCAS upo, maana vitabu walivyopewa marubani havikuutaja. Alikuwa akiona dalili za ugonjwa ambao jina lake lilifichwa na wengine. Ripoti ya mwisho ya Indonesia, iliyotolewa Oktoba 2019, ilitaja mambo 9 yaliyochangia ajali: usanifu wa mfumo uliotegemea kifaa kimoja, vitabu vilivyonyamaza, karakana iliyotengeneza vibaya, ufungaji usiothibitishwa, na pia daftari lisilosema yote. Ubovu ulipita mikono mingi, na karibu kila mkono ulifanya jambo lililoweza kutetewa.

Hapo ndipo ugumu wa swali letu ulipo. Mwovu anayekusudia kuua tunajua kumhukumu. Lakini tuseme nini juu ya watu wa kawaida, wenye ujuzi, waliochoka, ambao kila mmoja alisema sehemu tu ya alichokijua?

Musa anatusaidia. Katika Kutoka 21 imeandikwa sheria ya ng'ombe mwenye pembe. Ng'ombe akimpiga mtu akafa, ng'ombe huyo atauawa, lakini mwenyewe hana hatia. Ila kama ng'ombe alikuwa na tabia hiyo tangu zamani, na mwenyewe ameonywa asimfunge, hatia inamhusu mwenye ng'ombe. Ng'ombe ni yule yule na pembe ni zile zile. Tofauti ni kujua. Mahali pengine, katika Kumbukumbu la Torati 22:8, anayejenga nyumba anaagizwa kuzungushia ukingo juu ya dari, asije mtu akaanguka na damu yake ikawa juu ya nyumba ile. Sheria haimtaji mwenye nyumba tu na watoto wake, wanaojua dari inaishia wapi. Inamkumbuka mgeni, anayepanda gizani bila kujua. Na Mambo ya Walawi 5:1 inakwenda mbali zaidi: aliyeona au kujua jambo, akatakiwa kushuhudia, akanyamaza, atauchukua uovu wake.

Tukiyaweka maandiko hayo pamoja, tunaona kwamba kujua ni mzigo wenye anwani. Tukishajua ubovu, kuna mtu mahali fulani ambaye maisha yake yanategemea tutakachokisema, hata kama hatumfahamu jina. Luther aliielewa hivyo Amri ya Tano. Kutokuua hakutoshi, tunatakiwa kumsaidia jirani katika mahitaji yote ya mwili wake. Na jirani wa rubani wa usiku ni rubani wa asubuhi.

Tungependa kuishia hapo, tukiwa tumehubiri juu ya marubani. Lakini tusingekuwa waaminifu, kwa sababu sisi wenyewe tumewahi kuandika daftari la namna hiyo.

Miaka kadhaa iliyopita tulipata barua ya uhamisho. Usharika tuliokuwa tukiuacha una mnara wa kengele wa mawe, uliojengwa na wazee wa zamani. Katika masika ya mwisho tukiwa pale, Jumamosi moja jioni, jiwe lenye ukubwa wa kichwa cha mtoto liling'oka juu ya mnara likaanguka mahali ambapo watoto wa Shule ya Jumapili huketi wakiwangoja wazazi wao. Tulikuwa wawili tu, sisi na mwinjilisti. Tulilisogeza jiwe pembeni, tukasema tutalipeleka jambo hili kwenye baraza la wazee. Lakini kikao kilichofuata kilikuwa cha maandalizi ya ibada ya kutuaga. Mfuko wa ujenzi ulikuwa mtupu. Na, tuseme kweli, tuliona aibu kwamba kwa miaka sita tulipita chini ya mnara ule kila siku bila kuukarabati. Katika hati ya makabidhiano tuliandika mstari mmoja: mnara wa kengele unahitaji ukarabati. Mstari huo ulikuwa kweli. Mchungaji aliyetupokea alitia sahihi, tukatia sahihi, tukala pamoja, tukaondoka.

Miezi minne baadaye alitupigia simu.

“Shikamoo, Baba Mchungaji. Jana mawe mawili yameanguka kutoka mnarani, moja limevunja benchi la watoto. Tunamshukuru Mungu ilikuwa Jumatano, hapakuwa na mtu. Lakini mwinjilisti anasema si mara ya kwanza. Baba, ulikuwa unajua?”

Tulinyamaza kwa muda. Kisha tukajibu, “Tulijua.”

Hakutulaumu. Alisema tu, “Ungeniambia, ningewahamisha watoto siku ile ile niliyofika.”

Maneno hayo hayajatutoka mpaka leo. Tulikuwa tumejitetea moyoni kwamba ukarabati ulihitaji fedha, na fedha hazikuwapo. Lakini kuwahamisha watoto hakukuhitaji hata shilingi. Kulihitaji sentensi moja zaidi katika hati: jiwe limeanguka, limeangukia hapa, tarehe hii. Kutengeneza kunaweza kushinda uwezo wetu, ila kusema hakujawahi kutushinda kwa sababu ya umaskini. Kulitushinda kwa sababu ya aibu.

Je, basi kila kuahirisha ni dhambi? Hapana, na watu wa ndege wanaweza kutufundisha. Ndege nyingi huruka zikiwa na kasoro ndogo ambazo bado hazijatengenezwa, na jambo hilo ni halali. Kuna orodha rasmi inayosema kifaa gani kinaweza kuwa kibovu na ndege ikaruka, kwa masharti gani, na kwa siku ngapi. Kasoro nyingine hupewa siku 3, nyingine 10, nyingine 120. Huandikwa, huwekewa tarehe, na kila rubani anayeingia huziona kabla ya kuruka. Siku zikiisha kabla ya matengenezo, ndege hubaki chini. Kwa hiyo kuna kuahirisha kwa mtu mwaminifu, anayesema: hiki ni kibovu, sijaweza leo, mwisho ni tarehe fulani, na wewe unayekuja jihadhari hivi. Na kuna kuahirisha kwetu kwa kawaida, kusiko na tarehe wala jina la mtu, ambako tunakuita subira, au tunasema Mungu ataleta njia.

Habari ya ndege zile haikuishia Indonesia, na mwisho wake uligusa nyumba za huku kwetu Afrika Mashariki. Baada ya ajali ya kwanza, wataalamu wa mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani walikadiria kwamba mfumo ule usiporekebishwa, ajali nyingine 15 hivi zingeweza kutokea katika maisha ya ndege za aina hiyo. Marubani walipewa maelekezo, marekebisho yakaanza kuandaliwa, na ndege zikaendelea kubeba watu. Tarehe 10 Machi 2019 ndege ya Ethiopian Airlines ya aina ile ile iliondoka Addis Ababa kwenda Nairobi. Ilianguka baada ya dakika 6. Walikufa watu 157, na 32 kati yao walikuwa Wakenya. Ndipo dunia nzima ikazisimamisha ndege hizo. Januari 2021 Boeing ilikubali kulipa zaidi ya dola bilioni 2.5 kumaliza shtaka la kuwadanganya wakaguzi kuhusu MCAS. Waliokuwa wakingoja uwanjani Nairobi siku ile hawakulipwa walichopoteza, kwa kuwa hakiuzwi.

Kwa nini tunasema nusu? Tukijichunguza tutaona kwamba mara chache tunafanya hivyo kwa chuki. Tunaogopa. Rubani anaweza kuogopa kwamba ndege itazuiwa na safari ya asubuhi ifutwe. Fundi anaogopa kuonekana mzembe. Mhandisi anaogopa kuchelewesha kazi ya wakubwa. Mtunza hazina anayeondoka anaogopa kwamba akieleza lile deni, watu watauliza lilitoka wapi. Wazazi wanaogopa kwamba wakisema ugonjwa wa kijana wao, posa itavunjika. Anayeuza pikipiki anaogopa kwamba akitaja breki, bei itashuka. Mtu anayengoja hukumu hupima maneno yake. Hutoa ule ukweli usioweza kumfunga, na uliobaki huuweka mfukoni.

Hapa watu wa usafiri wa anga wamegundua jambo ambalo Kanisa lingepaswa kuwa la kwanza kulijua. Tangu mwaka 1976 huko Marekani kuna utaratibu ambao marubani, mafundi na waongoza ndege hupeleka taarifa za makosa yao wenyewe kwa shirika la NASA, ambalo halina mamlaka ya kuwaadhibu. Majina huondolewa. Aliyekosea bila kukusudia na akasema mapema hukingwa na adhabu. Uhalifu na makosa ya makusudi hayakingwi, na hakuna anayeambiwa kwamba kosa lake si kosa. Waliona kwamba watu wakihakikishiwa kutoangamizwa, husema, na wakisema, wengine hupona.

Hiyo ndiyo mantiki ya Injili, ingawa wao hawaiiti hivyo. Mara nyingi tunafundisha kana kwamba Mungu anakaa akingoja tukamilishe maungamo, ndipo aamue kama atatusamehe. Kama ingekuwa hivyo, tungeungama kama tulivyoandika ile hati ya makabidhiano: kweli kidogo, ya kutosha kupita. Lakini Kristo alikufa kwa ajili yetu tungali wenye dhambi. Msamaha umekwisha kununuliwa kabla hatujafungua kinywa. Kwa hiyo hatuna sababu ya kubakiza kitu mfukoni. Mtu aliyehesabiwa haki kwa neema hahitaji tena kuilinda sifa yake kwa gharama ya watoto wanaoketi chini ya mnara.

Basi tunalijibu swali letu. Ndiyo, ni dhambi kusema nusu ya ubovu tunaoujua, pale ambapo nusu iliyobaki ingemwokoa mwenzetu. Ukweli wa kila neno hautuokoi, maana jirani hakuhitaji maneno yetu yawe sahihi tu. Alihitaji kujua yatakayompata. Ukubwa wa hatia ya kila mmoja, iwe rubani, fundi au mhandisi, Mungu ndiye anayeujua, na ni mwenye huruma kuliko sisi. Lakini huruma yake haitupi ruhusa ya kunyamaza. Inatuondolea kisingizio cha kunyamaza.

Tunawaomba washarika wetu jambo dogo. Kabla ya Jumapili ijayo, kila mmoja atafute ubovu mmoja anaoujua na ambao mwingine ataurithi bila kuujua. Inaweza kuwa ngazi ya nyumba ya kupangisha, deni la kikundi, gari la kwaya, tabia ya mtu tunayemruhusu kukaa na watoto. Kama unaweza kutengenezwa, utengenezwe. Kama hauwezi leo, uandikwe wote, uwekewe tarehe, aambiwe anayehusika. Na pale ambapo watoto wamekaa chini ya jiwe, wahamishwe kwanza. Mambo mengine yatafuata.

Sisi tulirudi katika usharika ule mwaka uliofuata, tukasimama mbele ya baraza la wazee, tukasema tuliyoyajua na siku tuliyoyajua. Mzee mmoja alitikisa kichwa, mwingine akatupa mkono. Mnara ulikuwa bado haujakarabatiwa. Lakini palikuwa na kamba imezungushwa chini yake, na watoto walikuwa wakiimba upande wa pili, chini ya mwembe. Bwana atupe moyo wa kusema yote, maana ameshatusamehe yote.